Mtoto wa mchungaji aliyehesabu madaraja: Hesabu yake imo ndani ya simu yako

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijajua kompyuta inafikiri vipi, nilikuwa utingo wa lori la mkate katika Eneo la Viwanda, Thika. Tulikuwa tunapakia saa kumi alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi maduka ya Makongeni, Landless na Ngoingwa yalitakiwa yawe yamepata mkate, kisha tuteremke hadi Ruiru. Dereva wetu, mzee mpole asiye na maneno mengi, hakuwa na karatasi yoyote. Njia yote ilikuwa kichwani mwake.

Siku alipougua, tulienda arijojo. Dereva wa muda alipita barabara moja mara tatu, dizeli ikaisha kabla ya saa tatu, kreti zikarudi zimejaa, na hasara ikagawanywa kwenye mishahara yetu. Jioni hiyo nilichukua daftari la madeni. Upande wa kushoto nikaandika jina la kila duka, na upande wa kulia maduka ambayo unaweza kuyafikia moja kwa moja ukitoka hapo. Sikuchora ramani. Sikuandika kilomita. Kesho yake hakuna kreti iliyorudi na mkate.

Nilipojiunga na chuo baadaye, mwalimu aliandika ubaoni kitu kilekile na kukiita muundo wa data wa grafu. Nilitaka kucheka. Kisha akataja jina la mtu aliyefungua njia hiyo ya kufikiri, karibu miaka 300 iliyopita, nami nikaanza kumfuatilia jamaa huyo.

Leonhard Euler (jina lake hutamkwa Oila) alizaliwa Aprili 15, 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake, Paul, alikuwa mchungaji wa kanisa na alitaka mwanawe naye awe mchungaji. Familia iliishi Riehen, kijiji kilicho karibu na mji huo. Lakini mchungaji huyu hakuwa mgeni kwa hesabu: akiwa kijana aliwahi kuhudhuria masomo ya Jakob Bernoulli, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa wakati huo. Ndiye aliyemfundisha Leonhard hesabu za mwanzo, pale nyumbani.

Akiwa na umri wa miaka 13 tu, kijana aliingia Chuo Kikuu cha Basel. Hapa kwetu huyo bado ni mtoto wa sekondari ya chini, anatafuta kalamu iliyopotea. Johann Bernoulli, ndugu ya Jakob na profesa aliyejulikana kwa ukali, alikataa kumpa masomo ya faragha kwa kuwa hakuwa na nafasi. Alichomkubalia ni hiki: asome vitabu vigumu peke yake wiki nzima, na pale atakapokwama, aje Jumamosi alasiri na maswali yake. Euler alijitahidi kila wiki kupunguza maswali asimsumbue mzee. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoumbika. Hatimaye Johann mwenyewe alimshawishi Paul amwachilie kijana afuate hisabati.

Mwaka wa 1727 aliomba kazi ya uprofesa wa fizikia Basel akakosa. Alikuwa na miaka 19, na wengi wanadhani umri ndio uliomponza. Mwaka huohuo aliingia shindano la Akademia ya Paris kuhusu mahali bora pa kusimamisha milingoti ya meli. Mtoto wa nchi isiyo na bahari akatoka wa pili.

Kazi aliipata mbali, St Petersburg, Urusi, ambako rafiki yake Daniel Bernoulli, mwana wa Johann, alikuwa ametangulia katika Akademia mpya ya Sayansi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya upande wa utabibu! Euler hakubishana. Alianza kusoma habari za mwili wa binadamu, akafunga safari. Alifika Mei 1727, siku ileile Malkia Catherine I alipofariki, na pesa za Akademia zikaanza kuyumba. Kwa muda alitumikia jeshi la majini la Urusi kama luteni wa matibabu ndipo apate riziki. Vijana wanaohangaika na shahada mfukoni huku wakifanya kibarua cha aina nyingine wataielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Mambo yalinyooka polepole. 1731 akawa profesa wa fizikia. 1733 Daniel alirudi Uswisi na Euler akachukua kiti chake cha hisabati. Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walijaliwa watoto 13, lakini ni watano tu waliopita utotoni.

Ni katika miaka hiyo ambapo fumbo la madaraja lilimfikia.

Königsberg ulikuwa mji wa Prusia uliokatwa na mto Pregel. Mto uliugawa mji mapande manne: kisiwa cha Kneiphof, ukingo wa kaskazini, ukingo wa kusini, na ardhi ya mashariki kati ya matawi mawili ya mto. Mkazi wa Thika anaweza kuuona mji huo akilini bila shida. Sisi pia tuna mito miwili, Chania na Thika, na ulimi wa ardhi katikati, pale ilipo hoteli ya Blue Posts tangu 1908. Königsberg ulikuwa na madaraja saba, na watu wa huko walikuwa na mchezo wao: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja? Walijaribu wakashindwa. Hakuna aliyejua kama ni kwa sababu haiwezekani au ni kwa sababu hawajapata ujanja.

Carl Ehler, kiongozi wa mji wa Danzig, alimwandikia Euler akimsihi atoe suluhu. Euler hakuona ukubwa wa jambo hilo. Alimjibu kwamba halihusiani sana na hisabati, kwamba linahitaji akili ya kawaida tu, na kwamba haelewi kwa nini watu wanamtarajia mwanahisabati alitatue. Hata hivyo lilimkaa kichwani. Lilikuwa swali la mahali, lakini halikuuliza urefu wala upana wa chochote, na hisabati aliyoijua haikuwa na chombo cha swali la aina hiyo. Tayari Agosti 1735 alikuwa amesoma suluhu yake mbele ya Akademia. Makala yenyewe yana tarehe ya 1736, ingawa yalichapishwa 1741.

Alichofanya kinafaa kufuatwa hatua kwa hatua, kwa hivyo shika kalamu.

Kwanza alitupa karibu kila kitu. Upana wa mto, urefu wa madaraja, umbo la kisiwa, vyote vikaenda. Mapande manne ya ardhi aliyaita A, B, C na D. Ukivuka daraja kutoka A kwenda B, unaandika AB. Ukiendelea hadi D, unaandika ABD. Madaraja mawili, herufi tatu. Kwa hiyo safari ya madaraja 7 lazima iandikwe kwa herufi 8, haizidi wala haipungui.

Sasa akauliza: kila herufi itatokea mara ngapi? Chukua pande la ardhi lenye madaraja 3. Ukianza safari ukiwa nje yake, unaingia kwa daraja la kwanza, unatoka kwa la pili, unarudi kwa la tatu: umefika hapo mara 2. Ukianza ukiwa ndani, unatoka, unarudi, unatoka tena: bado ni mara 2. Lenye madaraja 5, kwa hesabu hiyohiyo, litatokea mara 3. Kneiphof kilikuwa na madaraja 5, na mapande mengine matatu yalikuwa na 3 kila moja. Jumlisha: 3 na 2 na 2 na 2 ni 9. Safari inataka herufi 9 na nafasi zilizopo ni 8. Haiwezekani, na haitawezekana hata ujaribu mwaka mzima.

Watu wengi hudhani Euler alichora vile vidoti na mistari tunavyochora leo. Hakuchora. Michoro hiyo ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Yeye alitumia orodha ya herufi na jedwali dogo lenye jina la kila pande na idadi ya madaraja yake. Kwa mtu wa kompyuta hilo ni jambo kubwa kuliko mchoro, kwa sababu kompyuta haina macho. Haioni ramani. Inachoelewa ni orodha na jedwali.

Fikiria njia panda 1,000 za Thika na Ruiru, nambari hii nimeichagua tu kwa urahisi wa hesabu. Ukitengeneza jedwali lenye mstari mmoja na safu moja kwa kila njia panda, unapata visanduku 1,000,000, na karibu vyote ni sifuri, kwa maana njia panda ya Makongeni haigusi ya Ruiru. Lakini ukiandika tu majirani wa kila mahali, na kwa kawaida ni watatu au wanne, unabaki na takriban maandishi 4,000. Hilo ndilo daftari langu la mkate. Wataalamu huliita orodha ya majirani, na ndiyo njia inayopendwa na waunda programu za ramani.

Orodha ikishakuwepo, unaiuliza maswali. Naweza kufika pale kutoka hapa? Nani ni rafiki wa rafiki yangu? Hapo unahitaji mahali pa kuweka sehemu ulizoziona lakini hujazitembelea, na mahali hapo ndipo hubadilisha mwendo mzima wa utafutaji. Ukiziweka kama foleni ya matatu kwenye steji, iliyofika kwanza ndiyo inayoondoka kwanza, basi utafutaji unasambaa sawasawa kama maji yaliyomwagika sakafuni: majirani wote kwanza, halafu majirani wa majirani. Ukiziweka kama kreti za mkate, iliyopakiwa mwisho ndiyo inayoshushwa kwanza, utafutaji unazama njia moja hadi mwisho wake, ukikwama unarudi nyuma. Kuna na aina ya tatu, ya chumba cha dharura hospitalini, ambapo mwenye hali mbaya huonwa kwanza hata kama amefika sasa hivi. Hiyo hutumika kutafuta njia fupi. Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni kanuni ya njia fupi mnamo 1956 akinywa kahawa mjini Amsterdam, kwa muda wa kama dakika 20 hivi, akaichapisha 1959. Foleni ya kipaumbele waliiongeza wengine baadaye ili iende kasi.

Niseme ukweli hapa, nisije nikamtukuza Euler kupita kiasi. Swali lake lilikuwa la kupita kila njia mara moja, jambo linalomfaa mwenye lori la kuzoa takataka. Lori la mkate lina swali tofauti: kufika kila duka kwa mwendo mdogo kabisa. Hilo linafanana kwa sura, lakini ni gumu mno. Maduka yakiwa mengi, hadi leo hakuna anayejua kanuni ya haraka inayopata jibu bora kila mara. Na hata katika swali lake mwenyewe, Euler alisema njia ipo pale ambapo mapande yenye madaraja ya idadi witiri hayazidi mawili, ila hakuithibitisha sehemu hiyo kikamilifu. Uthibitisho ulitolewa na Mjerumani Carl Hierholzer, na ulichapishwa 1873, miaka miwili baada ya Hierholzer kufa.

Turudi kwa Euler, maana maisha yake yalikuwa karibu kubadilika.

Akademia ilimpa pia kazi ya ramani. Urusi ilitaka ijijue ukubwa wake, na Euler alikaa saa nyingi akikagua vipimo na michoro midogo. Mwaka wa 1735 aliugua homa kali iliyokaribia kumuua. Kufikia 1738 jicho lake la kulia lilikuwa halioni vizuri tena. Yeye mwenyewe alizilaumu ramani. Waliochunguza habari zake baadaye wanashuku zaidi ugonjwa. Vyovyote iwavyo, ni katika miaka hiyohiyo, huku akikodolea macho ramani zenye kila kipimo, ndipo alipoandika makala yanayoonyesha kwamba kuna maswali ya njia yasiyohitaji kipimo hata kimoja.

1741 alihamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Prusia, akakaa miaka 25. Alifanya kazi ya ajabu huko, lakini hakupatana na mfalme. Frederick alipenda watu wenye maneno matamu mezani. Euler alikuwa mtu wa dini, mtulivu, wa kwenda nyumbani kwa wanawe. Mfalme alimfanyia dhihaka kwa kumfananisha na jitu la jicho moja la hadithi za Wagiriki. Mwaka wa 1766, akiwa na umri wa miaka 59, Euler alikusanya familia na kurudi St Petersburg.

Muda si mrefu jicho la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho. 1771 alifanyiwa upasuaji, akaona kwa siku chache, kisha maambukizi yakamnyang'anya mwanga tena kwa maumivu makubwa. Mwaka huohuo nyumba yake iliteketea katika moto ulioenea mjini. Fundi mmoja kutoka Basel, Peter Grimm, aliingia ndani akamtoa kipofu huyo mgongoni. 1773 Katharina akafariki, baada ya karibu miaka 40 ya ndoa.

Ungemtarajia anyamaze. Kinyume chake, aliongeza kasi. Mwaka wa 1775 pekee alitoa wastani wa makala moja kila wiki. Aliweza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu: inasemekana aliweza kukariri utenzi mrefu wa Virgil, Aeneid, wote. Ya pili ndiyo inayonigusa. Hakuacha vitu vibaki kichwani. Alisimama kando ya meza akitamka, na wengine wakiandika: mwanawe Johann Albrecht, wasaidizi kama Anders Lexell, na hata kijana mmoja aliyetoka kwenye kazi ya ushonaji nguo. Kijana huyo hakuwa na elimu ya hisabati. Euler alimtamkia kitabu kizima cha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka wa 1770, kwa utaratibu uliomfanya fundi cherehani huyo aelewe alichokuwa akiandika. Huwa namkumbuka yule mzee wetu wa lori, aliyeijua Thika yote na hakuna aliyewahi kumketisha akamwandikia.

Septemba 18, 1783 Euler alikula chakula cha mchana na familia, akazungumza na Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla. Jioni mshipa ulipasuka kichwani, akafa. Alikuwa na miaka 76. Orodha ya maandishi yake ina vipengele 866, na Akademia iliendelea kuyachapisha yaliyobaki kwa karibu miaka 50 baada ya kuzikwa kwake.

Königsberg wenyewe siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliangusha madaraja mawili kati ya yale saba, na baadhi ya mengine yalibadilishwa baadaye. Sasa yamebaki matano. Ukirudi kwenye jedwali la Euler utakuta kingo mbili zina madaraja 2 kila moja, na visiwa viwili vina 3 kila kimoja. Maana yake matembezi yale waliyoyashindwa wazee wa mji sasa yanawezekana, mradi uanzie kisiwa kimoja na umalizie kingine.